Wapanda Pikipiki Waliokufa na Kofia Waliyotuachia

Desturi ya wanadamu ni kuwakumbuka wafu wao kwa machozi, kwa dua na kwa mawe yaliyochorwa majina. Desturi hii ni njema, wala hapana taifa lisilokuwa nayo. Lakini iko kumbukumbu ya namna nyingine, isiyo na jiwe wala jina. Hiyo ni ile ya kuwauliza wafu sababu ya kufa kwao, na jibu lao kulifanya ngao ya walio hai. Historia ya wapanda pikipiki wa Uingereza katika nusu ya kwanza ya karne ya 20 inazo kumbukumbu zote mbili, na insha hii yataka kuzipima pamoja.

Tarehe 13 Mei 1935, T. E. Lawrence alikuwa akirudi nyumbani kwake Clouds Hill, katika jimbo la Dorset, juu ya pikipiki yake ya Brough Superior. Huyu ndiye Lawrence wa Arabuni, aliyeshiriki katika maasi ya Waarabu juu ya Waturuki wakati wa Vita Kuu ya kwanza, na sifa zake zilikuwa zimeenea duniani. Njiani walikuwako wavulana wawili juu ya baisikeli. Akageuza ghafula ili asiwagonge, akarushwa, na kichwa chake hakikuwa na kofia ngumu. Alilala siku 6 bila fahamu, akafa tarehe 19 Mei, akiwa na umri wa miaka 46. Mazishi yake katika kijiji cha Moreton yalihudhuriwa na wakubwa, Winston Churchill akiwa mmojawapo. Mchongaji Eric Kennington alimfanyia sanamu mbili: moja iko katika kanisa la St Paul's, London, na nyingine, ya jiwe, imelazwa katika kanisa dogo la Wareham.

Hivyo ndivyo anavyokumbukwa mtu mwenye jina. Lakini miongoni mwa matabibu waliomhudumia alikuwako Hugh Cairns, mzaliwa wa Australia, mpasuaji wa ubongo aliyepata sehemu ya elimu yake Marekani kwa Harvey Cushing. Cairns hakuweza kumponya mgonjwa wake. Waandishi wa historia ya utabibu husema kwamba kifo hicho kilimwachia swali: je, ubongo huu usingaliweza kukingwa kabla haujaumia?

Wazo la kofia ngumu halikuwa geni. Tabibu Eric Gardner, aliyekuwa akiwahudumia washindani katika uwanja wa Brooklands, alikuwa amewatengenezea kofia za turubai iliyotiwa gundi ngumu, na mwaka 1914 zikawa sharti katika mashindano ya kisiwa cha Man. Lakini hilo lilikuwa jambo la viwanja vya mbio. Mtu wa kawaida barabarani alivaa kofia ya kitambaa na miwani ya kuzuia vumbi, akajiona amekamilika.

Kisha vikaja vita vya 1939. Jeshi lilihitaji matarishi wa kupeleka amri na habari kwa pikipiki, na wengi wao walikuwa vijana. Taa za miji zilizimwa kwa hofu ya ndege za adui, na taa za magari zikafunikwa. Katika miezi 21 ya kwanza ya vita, wapanda pikipiki na abiria wao 2,279 walikufa katika barabara za Uingereza, yaani asilimia 21 zaidi kuliko muda kama huo kabla ya vita. Kijana aliyejiandaa kukabili risasi aliuawa na kona ya njia katika nchi yake mwenyewe.

Mwaka 1941 Cairns alieleza mambo haya katika jarida la British Medical Journal. Alikuwa amewaona majeruhi 7 tu waliokuwa wamevaa kofia ngumu, na wote 7 walikuwa hai. Idadi hiyo ni ndogo, lakini ilitosha kuwa mwanzo wa hoja. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule jeshi likaamuru wapanda pikipiki wake wote wavae kofia ngumu wawapo kazini. Cairns akaendelea kuhesabu, mwezi baada ya mwezi, hata vita vikaisha. Mwaka 1946 alitoa hesabu ya miaka yote ile, nayo ilionyesha kwamba vifo vilipungua baada ya amri.

Hapa ndipo zinapokutana kumbukumbu mbili. Kifo cha mtu mashuhuri kiliamsha swali, lakini sanamu zake hazikuweza kulijibu. Jibu lilitoka kwa matarishi wasiochongewa sanamu, ambao kila mmoja wao alikuwa mwana wa mama fulani kabla hajawa tarakimu katika jedwali la tabibu. Hesabu huonekana kuwa kitu baridi mbele ya msiba. Hata hivyo, mwenye kuhesabu kwa uaminifu hakubali hata marehemu mmoja asahauliwe, maana akiacha mmoja hesabu yake yote imeharibika.

Cairns alifariki mwaka 1952, na sheria ya kumlazimisha kila raia wa Uingereza apandaye pikipiki kuvaa kofia ngumu haikutumika hata mwaka 1973. Miaka 32 ilipita tangu amri ya jeshi. Wengine walidai kwamba kichwa cha mtu ni mali yake, naye ana uhuru wa kukihatarisha. Hoja hiyo ina uzito, ila humsahau mjane na yatima, ambao hawakuulizwa.

Nasi Afrika Mashariki tumeingia katika historia hiyo. Bodaboda zimejaa miji na vijiji vyetu, na sheria zetu zinamtaka mwendeshaji avae kofia. Mmoja wao akifa, wenzake humsindikiza kwa msafara mrefu, honi zikilia. Huo ni upendo wa kweli, wala asiudharau mtu. Lakini katika msafara ule ule kofia nyingi huning'inia kwenye usukani. Marehemu amekwisha kusema nao kwa namna alivyokufa, na heshima kubwa wawezayo kumpa ni kuzivaa kofia hizo wakati wa kurudi makaburini.