Taa ya Ziwani na Taa wa Baharini

Katika soko la Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, neno taa hutajwa kila siku pasi na mtu kumfikiria samaki, kwa kuwa taa ya huko ni karabai, au siku hizi ile ya nishati ya jua, inayowekwa ielee majini usiku usio na mbalamwezi ili kuwavuta dagaa wa Ziwa Victoria. Pwani, neno hilohilo ni jina la samaki bapa mwenye umbo la kishada, ambaye kiunzi chake si cha mfupa bali ni cha gegedu, yaani ile tishu imara inayopindika, kama ya sikio la mtu. Ni ndugu wa papa, na ziwa lenye sangara, sato na kamongo halina hata mmoja wao. Kinachoyatenganisha maneno haya ni upatanisho wa kisarufi tu: taa hii imezimika, taa huyu amevuliwa.

Jina la pwani nalo ni pana mno, kwani huwajumlisha wenye mwiba wa sumu mkiani, ambao huzaa watoto hai, pamoja na jamaa zao wasio na mwiba huo, ambao hutaga mayai ndani ya kifuko kigumu chenye pembe nne. Papa upanga, kwa upande wake, ameitwa papa kwa sura tu (na upanga kwa haki kabisa): matundu ya matamvua yake yako upande wa tumboni, kama ya taa, ilhali ya papa yako ubavuni.