Sikukuu za msimu wa vuli katika familia yenye watoto wa kambo

Kati ya Oktoba na Desemba, mvua za vuli zinapoanza na watu wa Chanzuru, Kimamba na vijiji vingine vya Kilosa wanaporudi kuandaa mashamba, makanisa nayo huingia katika kipindi chenye sikukuu nyingi. Kwa familia yenye watoto wa kambo, kipindi hiki huleta furaha na pia maswali. Mtoto atakula Krismasi kwa nani? Nguo zake atanunua nani? Ataenda kanisa lipi? Na akitaka kwenda kwenye kaburi la mama yake mzazi, mama aliyepo sasa atalipokeaje?

Makala hii inaeleza sikukuu zenyewe, mila za ukoo zinazogusa jambo hili, sheria inavyosema, na namna ya kupanga mapema ili mtoto asijione mgeni katika nyumba anayolala.

Familia ya namna hii ni ipi?

Ni familia ambayo mume au mke, au wote wawili, wameingia katika ndoa wakiwa tayari na watoto. Huenda mwenza wa kwanza alifariki, huenda waliachana, au hawakuwahi kufunga ndoa. Neno "wa kambo" halisemwi sana mbele ya mtoto kwa sababu linauma. Watoto wengi humwita mke wa baba "mama mdogo", na mume wa mama humwita "baba" au "baba mdogo". Mtoto asilazimishwe kutumia jina lolote siku za mwanzo. Akishazoea, atalitamka mwenyewe.

Mara nyingi ndoa hizi huunganisha pia makanisa mawili. Mama anaweza kuwa Mkatoliki na baba Mwanglikana, au mmoja Mlutheri na mwingine mlokole. Watoto nao wamebatizwa huku na kule. Hivyo ni vizuri kila mmoja ajue sikukuu za mwenzake.

Tarehe za kukumbuka

Shukrani ya mavuno: kila parokia au usharika hupanga siku yake baada ya mavuno ya masika. Waumini hupeleka mahindi, mpunga, kuku au fedha, na mara nyingi mazao hupigwa mnada baada ya ibada.

Oktoba 31: Walutheri hukumbuka Matengenezo ya Kanisa, yaliyoanza na Martin Luther huko Ujerumani mwaka 1517.

Novemba 1 na 2: Wakatoliki huadhimisha Watakatifu Wote, na kesho yake huwaombea Marehemu Wote. Waanglikana nao wana siku hizi katika kalenda yao.

Majilio: huanza Jumapili ya nne kabla ya Krismasi, yaani kati ya Novemba 27 na Desemba 3. Ni majuma ya kujiandaa kwa Krismasi.

Desemba 25 na 26: Krismasi na siku inayofuata. Zote mbili ni sikukuu za kitaifa.

Waadventista Wasabato wanashika Jumamosi, na kwao Krismasi si siku takatifu iliyoamriwa. Ukiwa na mwenza au mtoto Msabato, usipange shughuli kubwa ya familia kati ya Ijumaa jua linapozama na Jumamosi jua linapozama.

Siku ya kaburi

Kati ya siku zote hizi, Novemba 2 ndiyo inayohitaji moyo mpana zaidi. Wakatoliki wengi hufyeka majani makaburini, huweka maua na mishumaa, na padri hubariki makaburi. Mtoto aliyefiwa na mama hutaka kwenda, na baba yake naye hutaka kwenda. Mke wa sasa anaweza kuona kama kwamba bado anashindana na marehemu.

Kumbukumbu hiyo haipunguzi chochote katika ndoa ya sasa. Kumzuia mtoto hakumfanyi amsahau mama yake. Kunamfundisha kuficha huzuni, na kumwona mama mdogo kuwa ndiye aliyemkataza. Ni afadhali mume aseme mapema, siku kadhaa kabla: "Jumatatu nitawapeleka watoto kaburini kwa mama yao." Asiondoke kimyakimya.

Kama mke wa sasa ni wa kanisa lisilowaombea marehemu, hana lazima ya kushiriki sala isiyo ya imani yake. Anaweza kuwaandalia watoto maji na chakula cha njiani, au kushika jembe na kufyeka pamoja nao. Mtoto atakumbuka hilo kwa miaka mingi.

Mila za ukoo Kilosa

Wakaguru, Wasagara, Wavidunda na Waluguru kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Lakini mashamba ya mkonge ya Kimamba na Rudewa yalivuta watu kutoka mikoa mingi, wakiwemo wanaohesabu ukoo kwa baba. Watu hao wameoana na wenyeji.

Ndiyo maana katika nyumba moja mume anaweza kusema mtoto aende sikukuu kwa baba yake mzazi, huku mjomba anasema mtoto ni wao na atabaki. Kila mmoja anasema kweli kwa mila yake. Jambo hili lisisubiri Desemba 24. Mjomba aitwe mapema, asikilizwe, kisha wazazi waamue na wamweleze mtoto.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 26, inasema wazazi wakitengana au kuachana, mtoto ana haki ya kumtembelea na kukaa na mzazi wa upande wa pili anapotaka, ilimradi hilo lisivuruge masomo yake. Likizo ya Desemba shule zimefungwa, hivyo ni wakati unaofaa.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inachukulia kuwa ni vyema mtoto wa chini ya miaka saba akae na mama yake, isipokuwa kukiwa na sababu za kuamua vinginevyo. Sheria hiyohiyo inampa mwanamume aliyemkubali mtoto asiye wake kuwa sehemu ya familia yake wajibu wa kumtunza, pale wazazi wa mtoto wanaposhindwa. Kusema "huyu si damu yangu" baada ya kumpokea hakumwondolei wajibu huo.

Nguo, chakula na sadaka

Ugomvi mwingi wa sikukuu huanzia kwenye vitu vidogo. Watoto wawili wana viatu vipya na wa tatu amevaa vya shule. Mmoja amepata paja la kuku na mwingine shingo, kila mwaka. Watu wazima hawaoni, lakini mtoto anahesabu.

Mwishoni mwa mwaka ghala linapungua na fedha ni kidogo. Januari inakuja na sare na madaftari. Kama fedha hazitoshi nguo mpya kwa wote, wote wakae bila nguo mpya, au kila mtoto apate kitu kimoja cha thamani sawa. Kama baba mzazi ametuma nguo kwa mtoto wake mmoja, wazazi wa nyumbani wajue kabla na wajitahidi wengine wasibaki mikono mitupu.

Siku ya shukrani ya mavuno, kila mtoto abebe sadaka yake mwenyewe, hata kama ni kibaba cha mahindi. Mtoto aliyelima na wenzake anastahili kusimama nao mbele ya madhabahu.

Panga kabla ya Desemba

Mume na mke wakae wawili kwanza, bila watoto. Waandike watoto wote, hata wanaoishi kwa bibi, na mahali kila mmoja atakapokuwa Desemba 25. Wapigie simu wazazi wa upande wa pili na kukubaliana siku ya kwenda na siku ya kurudi, nauli atalipa nani, na nani atampokea mtoto stendi au stesheni. Mtoto mdogo asisafiri peke yake.

Kuhusu kanisa, familia nyingi hugawana: mkesha wa Krismasi kwa mmoja, ibada ya asubuhi kwa mwingine, na chakula cha mchana pamoja.

Mkishindwa kuelewana, mwoneni mchungaji, padri au katekista anayeaminiwa na pande zote, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Mtoto anayenyimwa chakula, anayepigwa au kuteswa asisubiri kikao. Mtu yeyote, hata mtoto mwenyewe, anaweza kupiga bure namba 116, simu ya huduma kwa mtoto.