Mbu Waliopigwa Mionzi

Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza, kwa mara ya kwanza katika historia, chanjo ya malaria kwa watoto wa Afrika. Habari zilitaja jina la chanjo, RTS,S, na jina la kampuni iliyoitengeneza. Mimi nilizisoma nikitafuta jina moja ambalo sikulikuta: Ruth Nussenzweig. Mama huyo alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, mwaka 2018. Lakini ukiifuata njia ya chanjo ile kurudi nyuma, hatua kwa hatua, unafika kwenye maabara yake.

Alizaliwa Ruth Sonntag mjini Vienna, Austria, mwaka 1928, katika familia ya madaktari Wayahudi. Wanazi walipoitwaa Austria mwaka 1938, familia ililazimika kukimbia, ikafika Brazil. Huko São Paulo Ruth alisomea udaktari, na huko akakutana na mwanafunzi mwenzake, Victor Nussenzweig, aliyekuja kuwa mumewe na mshirika wake wa maabara. Wakiwa bado wanafunzi walishiriki utafiti ulioonyesha kwamba dawa ya zambarau, ile ile tunayoiita GV na ambayo mama zetu walitupaka mdomoni tulipokuwa na vidonda, huua vimelea vya ugonjwa wa Chagas katika damu ya kuongezewa wagonjwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 walihamia New York kwa utafiti. Mwaka 1964 wanajeshi walipindua serikali ya Brazil, na kwa wasomi wengi nyumbani hapakukalika tena. Ruth akawa mkimbizi kwa mara ya pili, na Chuo Kikuu cha New York kikawa kituo chake cha kazi.

Hapo ndipo alipoanza kuuliza swali ambalo wengi waliliona halina maana: je, mwili unaweza kufundishwa kuizuia malaria kabla haijaingia kwenye damu?

Waliopinga walikuwa na hoja. Mtu akiugua surua mara moja, basi. Malaria humrudia mtu yule yule mwaka baada ya mwaka. Sisi tuliokulia Muheza, chini ya milima ya Usambara, tulilijua hilo bila kwenda shule. Lakini tulijua pia jambo la pili: mtu mzima akishikwa na homa hujifunika shuka siku mbili, kisha anarudi shambani, na mtoto wa miaka miwili kwa homa ile ile anaweza kufa. Tena aliyekaa Ulaya miaka mingi akirudi likizo, mbu humwangusha kama mtoto. Kinga ipo, ila huja polepole, si kamili, na ukiiacha inakuacha. Mtoto hana muda wa kuisubiri.

Nussenzweig aliitafuta kinga ya namna nyingine. Mbu anapouma huingiza vimelea vichache vyembamba viitwavyo sporozoiti, vinavyotoka kwenye tezi zake za mate. Vimelea hivyo hukimbilia kwenye ini, huko vinazaliana kimyakimya kwa siku kadhaa, kisha hutoka kwa maelfu na kuvamia chembe nyekundu za damu. Homa huanza hapo. Kama ungeweza kuvikamata vikiwa vichache, kabla ya ini au ndani ya ini, mtu asingeugua kabisa.

Kwa majaribio alitumia kimelea cha malaria ya panya, Plasmodium berghei. Kimelea hiki hakikutoka New York. Kiligunduliwa na watafiti Wabelgiji, Vincke na Lips, mwaka 1948, katika panya wa vichakani huko Katanga, Kongo, nchi ambako Kiswahili ndicho lugha ya soko na ya mgodi. Kutoka vichaka vile kilisafirishwa hadi maabara za dunia nzima. Napenda kukumbuka hilo kila ninaposikia kwamba sayansi ya malaria ni ya Wazungu na sisi ni wa kupokea tu.

Nussenzweig na wenzake waliwapiga mbu wenye vimelea mionzi ya eksirei, wakatoa sporozoiti zilizodhoofishwa na kuwadunga panya. Mfano wake ni mbegu iliyopitiwa na moto: inapandwa, inapasuka kidogo, kisha inakauka kabla ya kutoa jani. Sporozoiti zile ziliweza kuingia kwenye ini lakini hazikuweza kukomaa. Baadaye panya wale walipodungwa sporozoiti hai, wengi wao hawakuugua. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1967.

Je, ingefaa kwa binadamu? Mmoja wa waliolijibu swali hilo alikuwa David Clyde, daktari aliyeifahamu nchi yetu vizuri, kwani aliwahi kufanya kazi ya malaria Tanganyika kwa miaka mingi na kuandika kitabu juu ya malaria Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 huko Maryland, Marekani, yeye na wenzake waliwaacha mbu waliopigwa mionzi wawaume watu waliojitolea. Wengi wa watu hao walikuwa wafungwa, jambo ambalo leo lisingeruhusiwa. Clyde mwenyewe pia aliumwa na mbu hao. Kinga ilionekana, lakini ilihitaji mbu wengi mno. Hakuna zahanati ambayo ingeweza kufuga mbu wa kuwauma watoto wa kijiji kizima.

Kwa hiyo Nussenzweig na Victor wakageukia swali dogo zaidi: mwili unakitambuaje kimelea? Mwaka 1980 kundi lao lilionyesha kwamba kingamwili zinalenga protini moja inayoifunika sporozoiti kama koti. Sasa haikuwa lazima kumtumia mbu. Koti lenyewe lingetosha, kama ungeweza kulitengeneza.

Kutoka hapo historia inaacha maabara na kuingia kwenye fedha. Mwaka 1983 mazungumzo na kampuni ya Genentech yalivunjika, kwa sababu kampuni ilitaka haki ya peke yake ya kutengeneza chanjo, na Shirika la Afya Duniani, lililokuwa limechangia gharama za utafiti, halikukubali. Mwaka 1984 jeni ya protini ile ilisomwa katika kimelea cha binadamu, na maafisa wa misaada wa Marekani wakatangaza kwamba chanjo ingekuwa tayari ndani ya miaka mitano.

Miaka mitano kutoka 1984 ni 1989. Mwaka huo mdogo wangu alikufa. Alikuwa na miaka miwili na nusu. Alipandwa na homa asubuhi, na jioni akaanza kukakamaa na kugeuza macho. Wazee wakasema ni degedege, dege la kishetani limempitia mtoto, na mtoto wa degedege akichomwa sindano hufa. Mama alifanya kile ambacho kila mama wa pale angefanya: alimfunika, akamfukiza, akampeleka kwa mganga. Kabla ya alfajiri yote yalikuwa yamekwisha.

Sisemi kwamba ahadi ile ya Washington ndiyo iliyomuua. Ila ninapoiona tarehe yake, siwezi kuipita kama ninavyozipita tarehe nyingine.

Chanjo ya RTS,S ilianza kutengenezwa mwaka 1987, na wanasayansi wa kampuni ya dawa pamoja na wa jeshi la Marekani. Walichukua kipande cha koti la sporozoiti na kukipandikiza kwenye protini ya kirusi cha homa ya ini aina ya B. Majaribio makubwa yalifanyika kati ya mwaka 2009 na 2014 katika nchi 7 za Afrika, kwa watoto zaidi ya 15,000. Baadhi ya vituo vilikuwa Bagamoyo, Kilifi na Korogwe, jirani zetu kabisa. Kwa watoto waliopata dozi 4, chanjo ilizuia takriban visa vinne kati ya kumi vya malaria. Mwaka 2019 ilianza kutolewa kwa majaribio Malawi, Ghana na Kenya, na katika maeneo hayo vifo vya watoto wa umri wa kuchanjwa vilipungua kwa 13%. Chanjo ya pili, R21, iliyopendekezwa mwaka 2023, imejengwa juu ya protini ile ile.

Hata sporozoiti za mionzi zenyewe zilifika kwetu. Miaka ya 2010 watafiti wa Bagamoyo waliwadunga Watanzania waliojitolea chanjo ya sporozoiti nzima zilizodhoofishwa. Kinga yao ilikuwa dogo kuliko ya Wamarekani ambao hawajawahi kuugua malaria. Mwili uliopigana na malaria tangu utotoni haufundishiki kama mwili mgeni, na panya wa New York wasingeweza kulisema hilo. Ilibidi lisemwe na vijana wa Pwani.

Mama yangu sasa ni mzee. Nilimsimulia habari hizi zote, na kuhusu Ruth aliuliza jambo moja tu: kama alikuwa na watoto. Nikamwambia watatu. Kisha akauliza ni miaka mingapi tangu panya wale hadi chanjo kukubaliwa. Nikamwambia 54. Alikaa kimya akihesabu, nadhani si miaka bali watoto wa mtaa wetu, mmoja mmoja kwa jina. Halafu akaniuliza mjukuu wake atachanjwa lini, na kama dozi zote nne zitapatikana.