Udongo wa Ruiru na karatasi iliyokosekana

Mali bila daftari huisha bila habari. Mkazi wa Kiganjo, Thika, haendi mbali kutafuta ushahidi wa methali hiyo: upo jirani, katika mashamba ya kahawa ya Ruiru.

Huko ndiko alikotoka bakteria aliyehifadhiwa mwaka 1970 katika hazina ya vijidudu ya Uholanzi, akapewa jina SE50. Kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilimtumia kutengeneza akabosi, dawa inayochelewesha wanga kugeuka sukari mwilini. Mwaka 1990 dawa hiyo iliingia sokoni kwa jina Glucobay, na wagonjwa wa kisukari katika nchi nyingi wakafaidika. Enzi hizo, hapakuwa na sheria ya kimataifa iliyomtaka mchota udongo atie saini popote.

Lakini Ruiru nayo imepokea. Kahawa ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 ili kukabili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani, ina nasaba ya Rume Sudan na ya Catimor iliyotoka Colombia. Kituo cha utafiti wa kahawa cha Ruiru kingefunga milango kwa mbegu za nje, mkulima wa Kiambu angebaki na gharama ya kunyunyizia dawa msimu baada ya msimu.

Mwaka 1992 mambo yalianza kubadilika. Mkutano wa Nairobi ulikamilisha maandishi ya Mkataba wa Bioanuwai, ukatiwa saini Rio de Janeiro: kila nchi ina mamlaka juu ya viumbe vyake. Mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Leicester walichukua sampuli katika maziwa ya magadi ya Kenya. Vimeng'enya vilivyotokana nazo vilifika kwa kampuni ya Genencor, vikatumika kufifisha rangi ya jinzi, na mwaka 2004 Shirika la Wanyamapori, KWS, likadai haki yake hadharani. Kanuni za Kenya kuhusu kuchukua viumbe hivyo na kugawana faida zikaja mwaka 2006. Mwaka 2007 KWS ikatia saini makubaliano na kampuni ya Novozymes ya Denmark. Itifaki ya Nagoya ya 2010, inayohusu ugawanaji huo wa faida kati ya nchi, ilianza kutumika mwaka 2014.

Leo mtafiti wa chuo kikuu cha Juja au Thika anayetuma kichupa cha udongo ng'ambo hutanguliza makubaliano. Nani anatoa, nani anapokea? Ni kwa kazi gani? Je, mpokeaji anaweza kumpa mtu wa tatu? Hataza ikipatikana, nani ana fungu? Masalia yatarudishwa au yatateketezwa?

Mistari hiyo ya makubaliano ndiyo iliyokosekana mwaka 1970. Chuo kinachoijaza kwa haraka, au kinachomwachia mwanafunzi asaini peke yake, kinarudia historia kwa hiari. Vyuo vyetu viajiri wanasheria wanaojua maabara, na wenye ardhi waitwe mezani kabla kichupa hakijafungwa. Utafiti uendelee kuvuka mipaka, na jina la Ruiru livuke nao, likiwa na haki zake kwa maandishi.