Neno "mlokole" lilitoka wapi? Uamsho uliofika Dodoma na kuunganisha makabila

Msikilizaji wetu, ukimwita mtu "mlokole" hapa Dodoma, kila mtu anakuelewa. Wengine hulitamka kwa heshima, wengine kwa utani. Lakini neno hili si la Kigogo. Limetoka Uganda: kwa Kiganda, balokole ni watu waliookoka. Lilifika kwetu pamoja na watu wa makabila mbalimbali waliojifunza kuitana ndugu.

Ulianzia wapi?

Mwaka 1929, Simeoni Nsibambi, Mganda, na Joe Church, daktari Mwingereza, walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Church alifanya kazi katika hospitali ya misheni ya Gahini, Rwanda. Miaka ya 1930 uamsho uliwaka Gahini, kisha vikundi vya waumini vikaupeleka Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika, hadi huku kwetu kanda ya kati. Ndio unaoitwa Uamsho wa Afrika Mashariki.

Uliunganishaje watu?

Uamsho huu haukulenga kuanzisha dhehebu jipya. Waumini wengi walibaki katika makanisa yao, ila walikutana pia kwenye ushirika. Huko mtu alisimama mbele ya wenzake na kuitaja dhambi yake wazi: wizi, chuki, uongo, dharau. Aliyeiba alirudisha. Aliyemkosea mwenzake alimwendea kumwomba radhi. Baada ya ushuhuda, wenzake waliimba Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao wazee wengi wanaujua hadi leo.

Kumbuka huo ulikuwa wakati wa ukoloni, Mzungu akiwa juu na Mwafrika chini. Lakini mmisionari anapokiri kiburi chake mbele ya mpishi wake, na mpishi naye anapokiri makosa yake, ni vigumu kesho yake kuendelea kudharauliana.

Waliopita Dodoma

Katikati ya miaka ya 1940 alifika Dodoma mwalimu kutoka kusini-magharibi mwa Uganda, Festo Kivengere, pamoja na mkewe Mera. Alifundisha shule ya sekondari ya Alliance, ambayo baadaye iliitwa Mazengo. Leo eneo hilo ni Chuo Kikuu cha St John's. Wakati huo wengi walizoea kuona mmisionari ni Mzungu. Huyu alikuwa Mwafrika aliyeacha kwao kuja kuwatumikia Waafrika wenzake.

Mwaka 1955, Yohana Omari wa Dayosisi ya Central Tanganyika aliwekwa wakfu kuwa askofu msaidizi, Mwafrika wa kwanza kuwa askofu wa Anglikana Tanganyika. Ibada ilifanyika Namirembe, na siku hiyohiyo waliwekwa wakfu wenzake kutoka Kenya na Sudan.

Upande wa pili

Uamsho huohuo ulileta pia mafarakano. Baadhi ya waliookoka waliwaona waumini wenzao kuwa wamekufa kiroho, na sehemu nyingine makundi yalijitenga.

Jambo zito zaidi ni Rwanda, ulikowaka moto wa kwanza. Mwaka 1994 watu waliobatizwa waliwaua wenzao waliobatizwa, wengine ndani ya majengo ya makanisa. Hapo tunajifunza kwamba kuitana ndugu kwenye ibada hakutoshi, kama nje ya mlango kabila ndilo lenye neno la mwisho.

Linatuhusu nini leo?

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa kasi mwaka 2016, benchi moja la kanisa linaweza kuwa na Mgogo, Mrangi, Mhaya, Mchaga na Msukuma. Kiswahili kinawasaidia kuelewana. Lakini bibi aliyezoea kuomba kwa Kigogo naye anahitaji kusikika. Wazee wetu waliimba wimbo wa Kiganda wala hawakuacha kuwa Wagogo. Mgeni naye anaweza kujifunza wimbo wa Kigogo, na ngoma ikapigwa.

Kipimo ni kilekile cha ushirika wa zamani: nani anakaribishwa mezani, nani anaombwa radhi, na binti akichumbiwa na kijana wa kabila jingine mnasema nini nyumbani.

Kama kwenu yupo mzee aliyewahi kuhudhuria ushirika huo, kaa naye akusimulie. Muulize walipatanaje.