Rula Imetengenezwa kwa Mwili wa Nani?

Mwaka 1964, katika jimbo la Oregon, Chama cha Moyo cha Marekani kiliwaitia wanawake mkutano kuhusu maradhi ya moyo. Walifika maelfu. Walichofundishwa ni kutunza moyo wa mume: wampikie nini, wamwepushe na nini. Moyo wa mke haukuwamo kwenye ratiba. Kila nikiisoma habari hii nacheka, kisha nanuna.

Wanawake walikuwa wakipimwa, tena kwa wingi. Utafiti wa Framingham, ulioanza 1948 na watu 5,209, ulikuwa na wanawake wengi kuliko wanaume. Ila karibu wote walikuwa Wazungu wa mji mmoja wa Massachusetts, na hesabu zao za hatari ya moyo zikaja kutumika mbali sana na kwao.

Misuli ilichelewa kupata hata jina. Irwin Rosenberg aliipa jina mwaka 1988, mkutanoni Albuquerque: sarkopenia, kwa Kigiriki ufukara wa nyama. Jina limekaa sawasawa. Misuli ndiyo ghala kuu la sukari baada ya mlo. Ghala likisinyaa, sukari huzurura kwenye damu na kuila mishipa, ya moyo ikiwamo. Mwanamke aliyekoma hedhi hupungukiwa misuli na homoni kwa pamoja, na mizani haisemi kitu: mafuta huchukua nafasi ya nyama, kilo zikabaki zilezile. Bibi yangu kule Tanga hupimwa uzito na presha kila aendapo kliniki. Hakuna aliyewahi kumpa kitu akibane.

Mwaka 1998 Richard Baumgartner na wenzake walipima wazee wa New Mexico, Wahispania na Wazungu, wakachora mstari wa ufukara huo. Mstari wenyewe waliutoa kwa vijana Wazungu wa utafiti mwingine. Yaani nyanya wa Kihispania wa miaka 80 alilinganishwa na kijana asiye wa rika lake wala wa asili yake.

Kiganja nacho kikaingia. Utafiti wa nchi 17 uliochapishwa 2015, Zimbabwe na Afrika Kusini zikiwamo, ulionyesha kwamba nguvu ya kukaza mkono ikipungua kilo 5, hatari ya kufa kwa moyo na mishipa hupanda kwa asilimia 17. Lakini dhaifu ni nani? Wataalamu wa Asia wanasema mwanamke asiyefika kilo 18. Wa Ulaya walisema 20, kisha wakashusha hadi 16. Mwenye kilo 17 ni dhaifu Hong Kong, mzima Roma.

Na kuna jambo linalovuruga rula zote. Wanawake weusi wa Marekani, kwa wastani, wana misuli mingi kuliko Wazungu wa rika lao, ila moyo huwaua zaidi. Hapo nyama imetosha. Presha, umaskini na tiba duni ndivyo vinavyomaliza kazi.

Hata hivyo ufukara huu hulipika. Mwaka 1990 Maria Fiatarone aliripoti kuhusu wazee 10 wa nyumba moja ya kutunzia wazee Boston, wa miaka 86 hadi 96, walionyanyua vyuma kwa miguu wiki nane. Nguvu za waliomaliza zilipanda kwa asilimia 174. Wawili waliacha mikongojo.