Gold Reef City na Shimo Nambari 14

Watoto wetu wakitajiwa Gold Reef City hufikiria mabembea tu. Na mabembea yapo, tena ya kutisha: mnara uitwao Tower of Terror, uliofunguliwa mwaka 2001, humpandisha mtu mita 34 kisha humwachia aporomoke hadi ndani ya shimo chini ya ardhi, jumla mita 47. Vijana hupanga foleni mara tatu. Wazee hushika mikoba.

Shimo hilo si pambo. Kiwanja hicho cha starehe, kilichofunguliwa katika miaka ya 1980, kimejengwa penye machimbo ya dhahabu ya Crown Mines, kwenye Shimo Nambari 14 lililofanya kazi hadi 1971. Machimbo hayo yalizidi kilomita 3 kwenda chini. Mgeni wa leo huvalishwa kofia ngumu yenye taa, akateremshwa kama mita 75, akaonyeshwa mwamba, kisha akapanda juu kula aiskrimu.

Katika miaka ya 1940 na 1950 vijana wengi wa Kinyakyusa na majirani zao wa kusini ya Tanganyika waliandikishwa na WENELA, chama cha wenye migodi, wakaletwa Johannesburg kwa mkataba. Si lazima walifika shimo hili, maana migodi ilikuwa mingi. Walilala kambini, wanaume peke yao, wakafundishwa Kifanakalo ili waelewe amri za chini. Walirudi na mablanketi na nguo mpya, na baadhi yao na kikohozi kisichokwisha. Baada ya uhuru wa Tanganyika, mwaka 1961, uandikishaji ulikomeshwa.

Hapo ndipo penye uchungu. Mwaka 2019 mahakama kuu ya hapa Johannesburg iliidhinisha mapatano ya makampuni sita ya dhahabu kuwalipa wachimbaji walioharibiwa mapafu na vumbi la mawe, au warithi wao. Lakini yanawahusu waliofanya kazi kuanzia tarehe 12 Machi 1965. Wazee wetu, kwa sehemu kubwa, walikuwa wamekwisha kurudi makwao. Vumbi lilikuwa lile lile.

Katika matembezi yajayo, tunaomba watoto wateremshwe kwanza shimoni, mnara baadaye. Na aliye na karatasi za WENELA za babu yake, hata kipande, aiarifu kamati ili nakala ichapishwe katika kitabu cha mwakani.